Mjenzi wa daraja la Tay na kabari ambazo hakuambiwa

Wiki hii nimewaletea habari za mtu ambaye wengi wetu hapa Pwani hatujapata kumsikia, ingawa kule Uskoti jina lake halijasahaulika mpaka leo. Aitwa Thomas Bouch, mhandisi wa reli na madaraja, Mwingereza aliyefariki mwaka 1880. Nimemkumbuka kwa sababu siku hizi nimekuwa nikisoma kuhusu mitambo ya leza inayotumika kukagua madaraja, na kila nikisoma kazi ya mitambo hiyo najikuta narudi kwa mzee huyu. Daraja lake kubwa lilikuwa na mjenzi mwenye cheo, lilikuwa na kampuni iliyolimiliki, na mkaguzi wa serikali alilipitisha. Lilichokosa ni mtu mwenye ujuzi wa kuvitazama vyuma vyake baada ya utepe kukatwa.

Nasi tulioko kisiwani Mombasa, ambao hatutoki wala hatuingii ila kwa kupita juu ya maji, hatuwezi kuyasikiliza hayo kama hadithi za mbali.

Bouch alizaliwa tarehe 25 Februari 1822 katika kijiji cha Thursby, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Babake alikuwa nahodha wa meli za biashara. Ndugu yake William naye akawa mhandisi, akashughulika na vichwa vya treni. Thomas aliingia kazini akiwa kijana wa miaka 17, akijifunza kwa kuwafuata waliomtangulia kwenye ujenzi wa reli, kama fundi wetu wa jahazi anavyojifunza kwa kushika shoka na keekee chini ya fundi mkuu. Wakati huo Uingereza nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya reli. Aliyeweza kupima ardhi na kuchora njia hakukosa kazi.

Mwaka 1849 akapata umeneja wa kampuni ya reli huko Edinburgh, na hapo ndipo alipokutana na tatizo lililompa jina. Reli ile ilikatwa na mikono miwili mipana ya bahari, Forth upande wa kusini na Tay upande wa kaskazini. Msafiri wa kutoka Edinburgh kwenda Dundee alipanda treni, akashuka, akapanda meli, akashuka, akapanda treni tena, kisha meli nyingine. Safari ya maili 46 ilimla zaidi ya saa tatu, na aliyepatwa na tufani njiani alifika akiwa ametapika na kulowa. Mizigo ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu kila gunia lilishushwa kwa mikono na kupakiwa upya.

Bouch akabuni feri ya kubeba mabehewa yenyewe. Wakazi wa Likoni wataelewa ugumu wake bila kuelezwa sana. Maji hujaa na kupwa, feri hupanda na kushuka nayo, na gati haisogei. Gari la barabarani laweza kuvumilia mteremko ukiwa mkali kidogo, lakini behewa la reli halivumilii. Alichofanya ni kutengeneza daraja dogo lenye reli juu yake, likawekwa kwenye magurudumu, likawa linapandishwa na kushushwa kwenye mteremko wa gati kufuata maji. Mabehewa yakaingia melini bila gunia kuguswa. Huduma hiyo ilianza mwaka 1850 kati ya Granton na Burntisland, na ndiyo inayohesabiwa kuwa feri ya kwanza ya treni duniani. Ilidumu miaka 40. Kama angeishia hapo, Thomas Bouch angekuwa mtu wa kusifiwa tu.

Baadaye akafungua ofisi yake mwenyewe, akajulikana kwa jambo moja: reli za bei nafuu. Miji midogo ya Uskoti iliyokuwa haina fedha ilimwendea yeye, naye akawajengea kwa gharama ambazo wahandisi wenzake walizishangaa. Nisimwonee, kwa maana si kila kazi yake ilikuwa dhaifu. Daraja lake la Belah, lililopita juu ya bonde refu kwa nguzo nyembamba za chuma, kimo chake karibu mita 60, lilibeba treni kwa takriban miaka 100 hadi lilipobomolewa mwaka 1963 baada ya reli yenyewe kufungwa. Nguzo za Belah zilitanuka chini na zilifungwa kwa mihimili imara. Kwa hiyo mtu huyu alijua namna ya kujenga. Hilo ndilo linalonitatiza kila ninapomsoma.

Tuje kwenye Tay. Dundee ulikuwa mji uliotajirika kwa kusokota nyuzi za magunia zilizoletwa kwa meli kutoka Bengal, na matajiri wake walitaka daraja kwa udi na uvumba. Bunge likaruhusu mwaka 1870, jiwe la msingi likawekwa Julai 1871. Mchoro wa kwanza wa Bouch ulikuwa na nguzo za matofali kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo, kwa kuwa waliotoboa ardhi chini ya maji walimwambia kuna mwamba njia nzima. Kazi ilipofika mbali kidogo ikabainika kuwa walichokiita mwamba kilikuwa tabaka jembamba la changarawe iliyogandamana, na chini yake matope. Nguzo nzito za matofali zingezama. Akabadilisha mchoro kazi ikiendelea, akaweka nguzo nyepesi za chuma: mabomba marefu yaliyosimamishwa kwa makundi na kuunganishwa kwa vyuma vya mshazari. Na ili kupunguza gharama ya misingi, akapunguza idadi ya nguzo na kurefusha boriti.

Mabomba yale yalikuwa ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo ni hodari kubeba mzigo unaokikandamiza, lakini ukikivuta hukatika ghafla kama kigae. Masikio ya kufungia vile vyuma vya mshazari nayo yalisubiwa pamoja na bomba, ya chuma kile kile, wakati kazi yake yote ilikuwa ni kuvutwa. Kibaya zaidi, kwenye karakana iliyojengwa kando ya mto, mabomba yaliyotoka na matundu na mapovu yalizibwa kwa mchanganyiko wa nta, ulimbo, masizi na unga wa chuma, ukasuguliwa mpaka ukang'aa kama chuma chenyewe. Mafundi walikuwa na jina la siri la dawa hiyo. Bouch alisema baadaye kwamba hakujua. Yamkini ni kweli, maana hakuwa mtu wa kushinda karakanani.

Februari 1877 upepo mkali uliziangusha boriti mbili kubwa zilipokuwa zikipandishwa. Moja ilinyooshwa, ikarudishwa juu.

Daraja likakamilika. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita tatu, mapengo 85 kati ya nguzo na nguzo, refu kuliko jengine lolote duniani la kupita juu ya maji wakati huo. Katikati, ambapo meli zilipita, kulikuwa na mapengo 13 ambapo treni ilipita ndani ya boriti badala ya juu yake, mfano wa mtu apitaye ndani ya kizimba. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa juu zaidi na iliyopigwa na upepo zaidi. Wafanyakazi wapatao 20 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha kabla hata ya abiria wa kwanza kulipa nauli.

Mkaguzi wa serikali, Meja Jenerali Hutchinson, alikuja Februari 1878, akakaa siku tatu. Alipitisha vichwa vya treni vizito juu yake, akapima boriti zilivyopinda na kurudi, akaridhika. Akaweka kiwango cha mwendo, maili 25 kwa saa. Katika ripoti yake akaandika pia kwamba angependa kuja tena siku ya upepo mkali aone treni ikipita. Hakuja. Mwanzoni mwa Juni 1878 daraja likafunguliwa kwa abiria. Mwaka uliofuata Malkia Victoria alilipita kwa treni yake, na kabla ya mwezi kwisha, tarehe 26 Juni 1879, akamtunukia Bouch cheo cha ubwana. Sasa akaitwa Sir Thomas. Kazi kubwa kuliko hiyo, daraja la Forth, ilikuwa imeshawekwa mikononi mwake, na msingi wake umeanza.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu mimi ni muhimu katika kisa hiki sawa na Bouch mwenyewe. Aliitwa Henry Noble. Bouch alimwajiri kuliangalia daraja baada ya kufunguliwa. Noble alikuwa mwashi, mtu wa matofali, mwaminifu na mwenye bidii. Kazi aliyopewa hasa ilikuwa kuangalia kama mkondo wa maji unachimba mchanga miguuni mwa nguzo. Chuma hakukijua, wala hakuna aliyemwagiza akitazame.

Siku moja ya Oktoba 1878, akiwa chini ya daraja akipima kina, Noble alisikia juu yake vyuma vikigongana. Akapanda. Akakuta vyuma vya mshazari vimelegea, kabari za kuvikaza zimeachia. Angeweza kwenda Edinburgh kumwambia bosi wake. Badala yake alinunua vipande vya chuma dukani, akavichonga, akavipachika kama kabari mpya, hapa moja na pale moja, zaidi ya mia kwa jumla. Sauti ikanyamaza. Bouch hakuambiwa. Noble hakuficha kwa nia mbaya; aliona ameziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Ila kabari ile ilizikaza nguzo zikiwa zimekwisha kupinda kidogo, na haikuzirudisha zilikotoka. Alichokifunga ni ule upotovu. Mabomba kadhaa alipoyakuta yamepasuka kwa urefu alimwarifu Bouch, naye akaja, na nguzo zikafungwa mikanda ya chuma, wakaendelea.

Waliokuwa wakipaka rangi kiangazi cha 1879 waliliona daraja likiyumba upande kwa upande treni ikipita. Abiria nao walikuwa na yao. Aliyekuwa meya wa Dundee alikuwa akipima mwendo kwa saa yake ya mfukoni, akagundua madereva wanakimbia kupita kiwango, akalalamika kwa mkuu wa stesheni, na mwisho akaacha kupanda treni ya kuelekea upande mmoja. Fikirini hali hiyo. Mpaka rangi anajua, abiria anajua, mwashi amesikia kwa masikio yake, na mhandisi aliyepewa ubwana kwa ajili ya daraja hilo yuko ofisini na michoro ya daraja jengine.

Jumapili tarehe 28 Desemba 1879 kulikuwa na tufani. Saa moja na robo usiku treni iliyoleta barua na abiria wa kutoka upande wa Edinburgh iliingia darajani. Mlinzi wa ishara upande wa kusini aliziangalia taa zake zikififia, akaona cheche, kisha mwanga mkubwa wa ghafla, kisha giza. Kule Dundee wafanyakazi wawili wa stesheni wakatambaa darajani kwa mikono na magoti, upepo ukitaka kuwang'oa, mpaka mmoja akafika mahali ambapo reli ilikwisha na bomba la maji lililovushwa darajani lilikuwa limekatika linamwaga maji hewani. Mapengo yote 13 ya katikati yalikuwa yameanguka, karibu kilomita nzima, na treni ndani yake. Hakuokoka mtu. Hesabu za siku zile zilitaja watu wapatao 75. Waliothibitishwa kwa majina ni takriban 60, na miili iliyopatikana ni 46. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sisi tuliouona msiba wa Mtongwe mwaka 1994 hatuhitaji kuelezwa maana ya watu kusimama ufukweni wakingoja bahari iwarudishie wao.

Tume ya watu watatu ikaundwa. Walichokikuta kilikuwa kigumu kusikilizwa. Masikio yale ya chuma cha kusubu yalipovutwa kwenye mtambo wa majaribio yalikatika kwa uzito mdogo sana kuliko ilivyotarajiwa. Noble akaeleza habari ya kabari zake. Mafundi wakaeleza habari ya nta na masizi. Na Bouch alipoulizwa ni nguvu gani ya upepo aliyoihesabu alipochora daraja la Tay, akakiri kwamba hakuweka hesabu maalumu. Kwa lile la Forth alikuwa amemwuliza mnajimu mkuu wa serikali (mnajimu kwa maana ya mtaalamu wa nyota, si mpiga ramli), akajibiwa kwamba ratili 10 kwa kila futi ya mraba zingetosha. Baada ya ajali, kanuni mpya ikataka ratili 56.

Bouch alishikilia kwamba daraja halikuangushwa na upepo, kwamba mabehewa ya nyuma yalitoka relini yakagonga boriti. Wako wanaolijadili hilo mpaka leo. Tume haikukubali. Mwenyekiti wake, Henry Rothery, aliandika mwezi Juni 1880 kwamba daraja lilichorwa vibaya, likajengwa vibaya na likatunzwa vibaya, na kwamba lawama kubwa ya yote matatu ni ya Sir Thomas.

Ya kuchora na kujenga yameandikwa sana. Mimi nataka nisimame kwenye hilo la tatu, la kutunza, kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi ambao madaraja yetu yamekwisha kujengwa.

Baada ya ajali wakaguzi walikwenda kutazama kazi nyingine za Bouch. Lilikuwapo daraja la South Esk, mjini Montrose, jipya kabisa. Wakaziangalia nguzo, wakakuta nyingi haziko wima. Fundi yeyote wa nyumba hapa kwetu angeliona hilo kwa timazi yake, kamba na kipande cha risasi. Daraja likabomolewa likajengwa upya, na hakuna aliyekufa. Tofauti ya Montrose na Tay ni kwamba Montrose kuna mtu alikwenda kupima kabla ya tufani, kwa kuwa mamia ya macho yalikuwa yamefunguliwa na msiba wa wengine.

Mtambo wa leza ninaousoma siku hizi ni timazi hiyo hiyo, ila imepewa mamilioni ya macho. Ni chombo cha ukubwa wa kadiri ya sufuria ya wali wa watu wachache, kinawekwa juu ya kiguu cha miguu mitatu ufukweni au juu ya daraja. Kinazunguka kikitupa mwali wa mwanga. Mwali hugonga chuma, hurudi, na chombo hupima muda uliotumika kwenda na kurudi. Kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana, kilomita 300,000 kwa sekunde, umbali hupatikana kwa hesabu. Nukta moja haisaidii kitu. Lakini chombo hupima mamia ya maelfu ya nukta kwa kila sekunde, vingine hufika milioni, na baada ya kukihamisha sehemu kadhaa unapata daraja zima ndani ya kompyuta, kila nguzo na kila boriti, kwa usahihi wa milimita chache. Wataalamu huliita wingu la nukta.

Faida yenyewe haiko kwenye picha ya kwanza. Iko kwenye ya pili. Unapima leo, unapima tena baada ya mwaka kutokea alama zile zile zilizofungwa kwenye ardhi isiyosogea, kisha unaweka wingu juu ya wingu. Nguzo iliyoinama, boriti iliyoshuka katikati, sitaha iliyosogea kando, programu huzionyesha kwa rangi. Aliyekuja mwaka huu akaondoka, akastaafu, akafa, vipimo vyake vinabaki kwa atakayekuja baada yake. Noble alikuwa na masikio yake tu, na alichokisikia kilibaki kwake.

Je, leza ingeliokoa daraja la Tay? Nitakuwa mwongo nikisema ndiyo bila masharti. Ingeonyesha nguzo zilizotoka wima na boriti ile iliyoanguka ikanyooshwa, na ingeonyesha kama nguzo zilipinda kati ya 1878 na 1879. Lakini leza huona ngozi. Matundu yaliyozibwa kwa nta yangeipita, kwa kuwa kwa juu yaling'aa kama chuma kizima. Hayo hutafutwa kwa nyundo, kwa mawimbi ya sauti na vyombo vyengine. Kwenye maji machafu ya bahari mwali wake hauendi, na huko chini ndiko mkondo unakochimba misingi, jambo ambalo limeangusha madaraja mengi duniani. Huko hutumwa sona na wapiga mbizi. Na haiwezi kuona chuma kilicholegea ambacho bado hakijasogea. Kwa hivyo anayewauzia serikali mtambo huu kana kwamba ni dawa ya kila maradhi, mwogopeni. Ni chombo cha kupima umbo. Umbo linapobadilika, mtu mwenye elimu ya chuma na zege lazima aulizwe kwa nini, na aliyeuliza lazima awe na uwezo wa kulifunga daraja.

Kuna jambo la kupendeza hapa. Daraja la Forth ambalo Bouch alinyang'anywa lilijengwa na wengine, likafunguliwa mwaka 1890, likiwa nene na zito kwa makusudi ili kila aliyekumbuka Tay aamini kwamba hili halitikisiki. Miaka ya karibuni wataalamu wa Uskoti wamelipima lote kwa leza, na limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2015. Huku kwetu leza imekwisha kufika pia, lakini kwa mawe ya kale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameyapima magofu ya Kilwa Kisiwani namna hiyo. Ni kazi nzuri na nawashukuru. Ila msikiti wa Kilwa hauvukwi na matatu zilizojaa watu.

Daraja letu la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. La Kilifi ni la 1991. Yamekaa kwenye hewa ya chumvi kwa miaka hiyo yote, na malori yanayoyapita leo si ya wakati ule, kwa wingi wala kwa uzito. Sisemi kwamba ni mabovu. Sina kipimo chochote mkononi cha kunifanya niseme hivyo, na anayewatia watu hofu bila kipimo anafanya dhambi yake. Ninachotaka ni kipimo chenyewe. Kabla hatujaanza kugombania daraja jipya la Likoni litapita wapi na nani apewe zabuni, haya tuliyonayo yapimwe, vipimo viwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuvisoma, vipimwe tena mwaka unaofuata, na iandikwe ni ofisa gani anayepokea ripoti na afanye nini akiipokea. Wavuvi wanaopita chini ya Nyali kila alfajiri, na vijana wanaopaka rangi vyuma, nao wapewe nambari ya kupiga wakisikia chuma kikigonga chuma.

Sir Thomas hakuishi kuyaona mabadiliko yaliyoletwa na msiba wake. Afya yake ilikatika mara baada ya ripoti kutoka. Alikwenda mji mdogo wa Moffat kupumzika, akafariki huko tarehe 30 Oktoba 1880, miezi 16 baada ya kutunukiwa na malkia, miezi 10 baada ya daraja kuanguka. Alikuwa na umri wa miaka 58. Amezikwa Edinburgh.

Kichwa cha treni kilichozama kilitolewa mtoni, kikasafishwa, kikarudishwa kazini hadi mwaka 1919. Wafanyakazi wa reli walikipa jina la Mpiga Mbizi. Daraja jipya la Tay lilifunguliwa mwaka 1887, sambamba na lile la zamani, pana zaidi na lenye nguzo nene. Boriti za Bouch ambazo hazikuanguka zilipimwa, zikaonekana nzima, zikahamishiwa kwenye daraja hilo, na treni za Dundee zinapita juu yake hadi leo. Pembeni, maji yakipwa, vinaonekana visiki vya nguzo zake vimepangana kuvuka mto.